Salamu Nilizoziruka

Gaude mwanangu,

Barua hii nitaichomeka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, pale unapoweka miwani. Ukiiona mapema usiifungue stendi. Ngoja basi lipite Makambako, abiria wa kiti cha jirani awe amelala, ndipo usome. Nakujua wewe, ukianza kulia unaanza na pua, na mimi sitakuwepo kukupa leso.

Nakuandikia mchana huu ukiwa Maposeni kumuaga shangazi yako. Kwa hiyo habari za kubeba maji ya kunywa, kuficha simu, kutokula ovyo njiani na kuwahi kanisani nimemwachia yeye. Hivi sasa atakuwa anazisema, na akizimaliza ataanza upya. Mimi nina jambo moja tu, nalo linahusu flashi nyeusi nitakayoifunga pamoja na barua hii. Ninapoandika bado naijaza. Redio kaseti iko kulia kwangu, waya umeingia kwenye kompyuta, na mkanda unazunguka.

Nusu ya habari hii unaijua, maana ndiyo iliyokufanya uniitikie "sawa, baba" kwa majuma mengi. Nusu nyingine huijui. Nitaisimulia yote, hata ile unayoijua, usije ukasema nimeruka tena.

Kabla ya simu za mkononi, baba yako mkubwa Desderi alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Babu yako hakujua kusoma, na hakupenda barua ya mwanawe isomwe na mtu mwingine, hata mimi, maana msomaji naye huondoka na habari za watu. Tukawa tunatumiana kaseti. Tunarekodi hapa nyumbani, tunampa mtu anayesafiri, na baada ya miezi mtu mwingine anashuka na kaseti ya kutoka Tanga. Kaka alizitunza zetu zote kwenye kopo la biskuti, na aliporudi kulima Mpitimbi alirudi nazo, akaniachia mimi, nikaziweka katoni moja na zile za kutoka Tanga.

Kurekodi kulikuwa na utaratibu wake. Betri zinaanikwa juani tangu asubuhi zipate nguvu. Redio inawekwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, mbele ya babu. Yeye anasema, "Wa salamu waanze." Wa salamu ni wanawake na watoto. Wanasalimia mmoja mmoja kwa majina, kila mtu na wanaye, na wagonjwa, na waliosafiri, na jirani aliyepita tu kuomba chumvi. Wakimaliza wanatoka kwenda jikoni, mlango unafungwa, ndipo wanaume tunaanza kile tulichokiita mambo: mpaka wa shamba, mahari ya binti wa fulani, nani amefariki na nani hakuja msibani. Mama yako hakubaki kwenye mambo hata mara moja, haikuwa desturi. Lakini kwenye salamu ndiye aliyekuwa wa kwanza, kwa sababu alikuwa na sauti na hakuiogopa redio kama wengine.

Ulimpoteza ukiwa hujaanza kusema vizuri. Alipata homa, tukampeleka hospitali, hakurudi. Hilo nimekuambia mara nyingi, na kila mara nimelisema hivyo hivyo, kwa haraka, kisha nikauliza kama mahindi yameanuliwa.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Uliponiletea ile ya mezani, uliyoinunua kwa mwenye steshenari aliyekuwa anafunga duka, ulikaa nami ukanionyesha kila kitu kwa subira ambayo sijui umeirithi wapi. Waya kutoka tundu la spika za masikioni kwenda tundu la maiki. Kitufe chekundu. Ule mstari kwenye kioo, unaolala kukiwa kimya na kurukaruka mtu wa kwenye kaseti akizungumza. Ukasema, "Baba, kaseti ya saa nzima inachukua saa nzima. Hakuna njia ya mkato." Nikajibu nimeelewa. Nilielewa kweli, ila sikupenda.

Unanijua. Nimesaga unga hapa Bombambili maisha yangu yote, na mtu wa mashine hubaki na neno moja mdomoni: "Mwingine!" Debe linamwagwa, unga unatoka, mwingine. Aliyetaka kunieleza mahindi yake yalivyonyeshewa nilimwambia, "Mama, foleni." Tena nilikuwa na kisingizio, kwamba mashine inapiga kelele na sisikii. Jioni nikizima injini nilirudi nyumbani na tabia ile ile, na nyumbani hapakuwa na injini ya kusingizia. Mama yako alikuwa ananiambia, "Wewe mwanaume, hata ugali unauambia mwingine." Nilicheka, lakini sikubadilika.

Basi nikaweka kaseti ya kwanza. Salamu zikaanza. Shikamoo baba mkubwa, mimi sijambo, nasoma darasa la pili, mbuzi amezaa. Shikamoo, mimi naitwa fulani, na mimi sijambo. Zikaenda, zikaenda, mstari unarukaruka na umeme unaliwa. Nikajiambia hizi ni pumba, unga uko mbele. Nikapeleka mkanda mbele nikisikiliza mlango. Ukisikiliza vizuri kaseti zetu zote, mlango unasikika ukifungwa wanawake wakitoka. Nikawa nangoja mlango ule, na nikishausikia ndipo nabonyeza kitufe chekundu. Nilizifanya zote hivyo. Nikajiona nimegundua njia ya mkato uliyosema haipo.

Huo ndio ule upande usioujua wewe mpaka leo, kwa hiyo nisiuandike nusu. Nilisema naokoa muda na umeme. Lakini kwenye kaseti ya pili nilimsikia. Alisema "Shemeji" tu, neno moja. Nikabonyeza mkanda mbele kwa nguvu mpaka kidole kikauma. Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu tumzike. Niliogopa, mwanangu. Mtu mzima mwenye mvi niliogopa redio. Kuanzia hapo sikuwa naokoa muda, nilikuwa namkimbia mama yako kaseti baada ya kaseti, na njia nzima najisifu kwa kazi nzuri.

Nilipomaliza, mama yako mkubwa Oresta, mke wa kaka, alikuja kutoka Mpitimbi na mkeka wa kuuza. Mpunga wake bondeni ulikuwa unaanza kutoa mashuke na ndege walikuwa wameuanza. Akauliza kama nina kaseti mbovu. Unajua kule wanavyofanya: wanatoa mkanda ndani ya kaseti na kuutandaza juu ya mpunga kutoka mti hadi mti, upepo ukivuma mkanda unavuma na kumeta, ndege wanaogopa. Nikampa katoni nzima. Kaka Desderi alinipigia simu kuuliza, "Zote umeshaziingiza kwenye hiyo mashine yako?" Nikasema, "Zote." Akasema, "Basi zifanye kazi nyingine."

Halafu wewe ukarudi, umepata ajira ya uuguzi, umepangiwa zahanati kule Mpanda. Nilifurahi mpaka nikawasagia watu bure asubuhi ile, jambo ambalo mtaa bado unalizungumza. Ukakaa kwenye kompyuta siku kadhaa ukisikiliza. Mimi nilikuwa nakunywa chai ulipokuja ukasimama mlangoni.

"Baba, mama yuko wapi humu?"

Nikakuambia mama yako hakupenda kurekodiwa. Lilinitoka tu, nalo likatoka laini kama kweli. Ukachukua simu, ukampigia baba yako mkubwa palepale, ukaweka sauti kubwa.

"Mama yako?" akasema kaka, na anacheka. "Huyo si ndiye alikuwa anafungua! Kule Tanga tulikuwa tunamsikiliza kambi nzima. Kuna Mmakonde mmoja alikuwa anakuja na kiti chake. Kwani baba yako hajakusikilizisha?"

Ukakata simu. Ukauliza kaseti zenyewe ziko wapi, nikakuambia ziko wapi. Ukasema, "Sawa, baba."

Ningependa ungenifokea. Mtu akinifokea najua la kufanya, nafoka na mimi, jioni tunakula. Lakini "sawa, baba" yako ilikuwa kila mahali. Chakula tayari, sawa baba. Kesho kuna misa, sawa baba. Nikaona utakwenda Mpanda na neno hilo, uwe unanipigia simu Jumapili kwa heshima zote na ndani hamna kitu. Nikasema hapana. Nimeshampoteza mmoja kwa homa, huyu simpotezi kwa uvivu wangu mwenyewe.

Nilikuambia naenda Mpitimbi kusaidia mavuno. Mavuno yalikuwa bado. Bodaboda alinishusha juu ya bonde nikashuka kwa miguu, na kabla sijauona mpunga nikaisikia mikanda. Ilikuwa inavuma bonde zima. Nikasimama kwenye tuta la shamba. Nilijua mama yako yumo mle juu kati ya miti, na sikujua ni mkanda upi. Nililia, Gaude, na sijali ukijua.

Oresta akatoka kibandani. "Shemeji! Kuna msiba?"

Nikamweleza, tena mara hii yote, bila kuruka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Nimekuelewa, na nakuonea huruma," akasema. "Lakini mkanda hutoi. Mpunga umeinama huo, unauona? Ukitoa leo, kesho nitavuna makapi. Mimi nitakula sauti?"

"Nitaamia ndege mimi."

"Wewe? Na mgongo huo?"

"Na mgongo huu huu."

"Kuanzia kunapambazuka, mpaka wamelala?"

"Mpaka wamelala."

"Haya," akasema, "tutaona." Akaenda kunitafutia debe la kupiga.

Tulikaa kula na kaka. Alimega tonge, akalirudisha kwenye sahani.

"Uliniambia umeweka zote."

"Niliruka salamu, kaka."

"Uliruka salamu," akasema, "ukabakiza nini?"

Nilitaka kusema mambo, ule mpaka wa shamba na ile mahari. Lakini shamba lenyewe liliuzwa zamani, na yule binti wa mahari siku hizi ana wajukuu. Kaka aliendelea kula. Akaniambia kwamba kule Tanga yeye ndiye aliyekuwa anaruka mambo. Alikuwa anazima redio mlango ukifungwa.

Nikakaa kule mpaka mpunga ukavunwa. Asubuhi na jioni nilipiga debe, nikarusha kombeo, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na ndege wale walinizoea upesi kuliko nilivyotarajia. Jua likiwa kali ndege wanapumzika, hapo ndipo nilipanda na kisu nikifungua mikanda. Oresta alikuwa ameikatakata na kuifunga mafundo, kwa hiyo hakuna aliyejua kipande gani kimetoka kaseti gani. Nilizungusha kila kipande kwenye gunzi la hindi, nikipangusa umande na vinyesi vya ndege kwa kona ya shati. Vingine vilikuwa vimefifia kwa jua mpaka vinaonyesha upande wa pili. Sikuvitupa. Nilirudi hapa Songea na gunia la magunzi, nawe ukaniuliza kama mwaka huu mpunga unaota kwenye magunzi. Ilikuwa mara ya kwanza kunitania tangu siku ile, nami nikajikaza nisikueleze, maana sikujua bado kama nina chochote cha kukupa.

Ndiyo sababu nilikuwa nafunga mlango wa chumba hiki. Ulidhani nina hasira. Nilikuwa nafungua kaseti tupu kwa bisibisi ya miwani, naunga vipande kwa selotepu niliyoikata nyembamba, navirudisha ndani kwa kuzungusha na kalamu. Kipande cha kwanza kilizungumza kinyumenyume, nikadhani nimerogwa. Cha pili nilikigeuza upande usio wake, kikanong'ona tu. Kimoja kilikatika mikononi mwangu nikakimaliza kabisa, na sitajua kilikuwa na nini. Siku moja umeme ulikatika kabla sijahifadhi, nikaanza upya. Siku nyingine nilisahau kubonyeza kile kitufe chekundu, nikaanza upya tena. Wewe ulisema hakuna njia ya mkato. Sasa nimekuelewa mpaka kwenye vidole.

Nilimsikia babu yako akikohoa. Nilimsikia kaka akieleza mvua za Tanga. Nilisikia muziki wa redioni ambao mtu alirekodi juu ya mazungumzo yetu. Halafu, mara ya kwanza nilipomsikia yeye, mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kupeleka mbele. Nikauondoa. Nikaukalia, Gaude, nakuambia kweli, niliukalia mkono wangu kama mtoto aliyekatazwa kugusa sufuria. Nikamsikiliza.

Usitegemee kingi. Ukivijumlisha vipande vyote havifiki muda wa kusonga ugali. Lakini ni yeye. Anasema: "Shemeji Desderi, shikamoo. Hapa ni mimi, mama Gaude. Sisi wazima, ila baba anakohoa na dawa hataki, na usimwambie nimesema." Babu anasikika nyuma akiguna, naye anacheka, "Haya, amesikia!" Kwingine anasema: "Gaude anatembea sasa. Jana ameingia kwenye pumba za mashine mzima mzima, tumemtoa mweupe, macho tu ndiyo meusi, na hakulia, ametuangalia kama sisi ndio tuliokosea." Na kuna mahali anasema, "Baba Gaude ananikonyeza hapa eti nimalize, betri. Simalizi. Nina salamu za watu wengi." Kisha anazitoa zote, jina kwa jina, taratibu kabisa, ili kunikomoa. Sauti yake inakwenda hivi inarudi hivi kwa sababu ya jua na umande. Ile programu ina sehemu ya kusafisha kelele. Sikuigusa. Nimeacha mikwaruzo, nimeacha kikohozi, nimeacha na jogoo.

Kuna kipande kimoja lazima nikuambie kabla hujakifikia. Anasema, "Na huyu mtoto akikua, shemeji, mimi nataka..." Hapo mkanda umekatwa. Nimepitia kila gunzi nikitafuta mwendelezo wake. Mimi mwenyewe nilikuwepo chumbani siku ile, nimekaa naangalia betri, na sikumbuki alisema nini kwa sababu sikuwa nasikiliza. Nilijaribu kukutungia. Nilikuwa nimeshapata maneno mazuri kabisa, kwamba alitaka uwe muuguzi. Ungeamini, na ungefurahi. Nikaacha, kwa sababu nimeshakudanganya mara moja juu yake na inatosha. Sijui alitaka nini. Na asitokee mtu akakuambia anajua, hata shangazi yako. Kazi hii umeichagua mwenyewe, kwa akili yako, na mimi naona umechagua vizuri.

Yamebaki magunzi kikapuni ambayo sijayasikiliza. Nitayamaliza, hata kama yote ni kikohozi cha babu yako.

Nilisema shangazi ndiye wa mawaidha, na sitamnyang'anya kazi. Ila nimekaa na magunzi haya muda mrefu, kuna vitu nimeviona na sina mwingine wa kumwambia. Kule unakokwenda, mama mmoja atakuja zahanati umechoka, foleni imefika nje. Atakusalimia. Atauliza umetoka wapi, wazazi hawajambo, kwenu mvua zimenyesha. Utataka kumwambia, "Mama, tatizo ni nini?" Mimi ningemwambia. Ningemwambia kwa sauti ya mashine. Lakini nimewasikiliza wanawake wa nyumba yetu wakisalimia, na sasa najua kwamba kila kitu walichoruhusiwa kusema walikisema humo. Kuugua kwa babu kulikuwa humo. Kuna salamu moja ya shangazi yako anayosema "mimi naendelea hivyo hivyo," na ndio mwaka ule mume wake alikuwa anampiga, na sisi tulikuwa tunangoja mlango ufungwe tuzungumze mambo. Nikikumbuka hilo naona aibu. Mpe yule mama dakika zake.

Na ukiogopa kitu, kiite kwa jina lake. Mimi niliogopa nikakiita kuokoa umeme, na nusura nikuache bila mama kwa mara ya pili. Utaogopa kule. Utaogopa usiku wa kwanza, utamwogopa mganga mkuu, utaogopa mgonjwa atakayekufia mikononi. Usije ukasema una kazi nyingi. Nipigie uniambie, "Baba, naogopa." Sitakuwa na la kukusaidia, lakini nitakaa kwenye simu.

Tena ukipiga, usiniambie "nimefika salama" ukakata. Ukikata nitapiga mimi, na wewe unajua nilivyo mbishi. Waulize ndege wa Mpitimbi. Nataka nijue unakaa na nani, jirani anaitwaje, ana watoto wangapi, wanakula nini huko, nani mgonjwa, na mbuzi wa nani amezaa. Nitakuambia ya hapa. Nitakuambia na ya mama yako, maana nina mengi niliyoyapita kwa haraka. Alivyokuwa anatembea. Alivyokataa kunioa mara ya kwanza nilipotuma mshenga, akasema mwanaume mwenyewe anaongea kama anafukuzwa. Ndiyo, nimeandika kunioa, na kwa mama yako ndivyo ilivyokuwa.

Nakupenda, Gaude. Sijui kama nimewahi kulisema hilo taratibu. Nimelea kwa kelele na kwa unga, na umetoka mtu wa kusikiliza, kwa hiyo kuna mkono mwingine uliokulea ambao si wangu. Nilitaka usiondoke hapa kabla hujausikia.

Nimesimamisha kalamu kidogo sasa hivi kwa sababu yeye ameanza tena. Anasema, "Hamjambo hapa? Wazima wote? Na mtoto?" Anacheka. Nikafurahi, maana sauti imetoka safi, haina mkwaruzo, haiyumbi, sijawahi kuipata safi namna hii. Nikageuka kuangalia mstari unavyoruka.

Mstari umelala. Mkanda umekwisha, sijui tangu saa ngapi.

Ni wewe. Uko nje kwa jirani, umerudi kutoka Maposeni, unamsalimia mama Fidea na wanawe, mmoja mmoja.

Usiharakishe. Nakungoja mlangoni.

Baba yako